Fisi Aliyetangaza Msiba Wake

Nianze, nisianze?

Anza, bibi!

Ya kweli au ya uongo?

Yoyote, mradi tamu!

Haya. Hapo kale, lakini si kale sana maana simu zilikuwepo, Bi Kindi alikuwa na ukurasa wa habari. Akiandika, lazima ataje nani kaona na wapi. Wanyama wakampenda, kila asubuhi wanamletea karanga.

Fisi, jirani yake, roho inamuuma, kwii! kwii! "Kanyama kadogo vile, mkia mtupu! Kwa nini yeye, si mimi?"

Naye akafungua ukurasa. Kindi akiandika, Fisi ananyakua, kwap! Jina la shahidi anafuta, chini anabandika: "Nimeona kwa macho yangu." Hasomi. Kusoma kutamchelewesha, naye anataka asifiwe yeye. Wanyama wakahamia kwake. Mapaja ya swala yakajaa pangoni kwa Fisi, Bi Kindi akalala njaa.

"Kaka Fisi, niachie japo habari moja."

"Wivu huo, dada! Utakuua."

Kindi akarudi zake. Kulipokucha akaandika: "Tanzia. Fisi wa pangoni amefariki. Aliyeona: hakuna."

Simu ya Fisi ti! Fisi kwap! Akafuta "hakuna", akabandika: "Nimeona kwa macho yangu."

Hata hajakaa vizuri, vilio mlangoni, uwii! uwii! Chui huyo, Mbweha huyo, Kunguru huyo. Wakaitoa nyama yote, wakainjika masufuria ya matanga.

"Jamani, ni mimi! Niko hai!"

"Nani kasema?" Chui akauliza, mdomo umejaa.

"Mimi Fisi!"

"Fisi mwenyewe kaandika kafa, na kaona kwa macho yake."

"Na Kindi kasemaje?" Mbweha akauliza.

"Kasema hakuna aliyeona."

"Basi huyo hana habari. Lete mchuzi!"

Karanga za rambirambi akapewa Bi Kindi, maana ndiye aliyetangulia kutangaza msiba. Akapanda nazo juu ya tawi, katu, katu, katu.

Fisi akautazama umati ule, unavyomlilia marehemu, unavyomsifu. Roho ikamuuma, kwii! kwii!

"Kwa nini yeye, si mimi?"

Akaenda kupanga foleni, angalau apate mfupa.

Nami nikalamba mwiko, nikaja mbio kuwaambia. Funzo lake, wajukuu zangu: habari msisome, mtachelewa. Sambazeni kwanza! Mkiulizwa nani kaona, semeni bibi. Nami nikiulizwa, nitasema nyie.

Imekwisha, bibi?

Imekwisha kwangu. Kwa jirani ndiyo kwanza inaanza.