Beseni la Bi Nyamizi

"Ahamaye huziba paa, ahamiaye huchagua rangi." Ndivyo alivyowajibu yule mama wa pale kona anayeuza nyumba, mlipomcheka kwamba fundi wake yuko juu ya bati na kuta zinabanduka. Sasa mmenijia mbio kuuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Tabora, mtaa wa Isevya, alikuwako mjane aitwaye Bi Nyamizi. Binti yake wa pekee, Tausi, aliolewa Urambo, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imemlaza kitandani. Mama alitaka kuwa karibu naye kabla mtoto hajazaliwa. Lakini mama halali chini ya paa moja na mkwewe. Ilimpasa apate chumba chake huko, na chumba hicho kingepatikana kwa kuuza nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa imechoka. Chokaa ilibanduka, na bati la chumbani lilivuja hata Bi Nyamizi akawa analala na beseni miguuni. Uwezo wake ulitosha kazi moja tu, ama kuta ama paa.

Shemeji yake, Mihayo, shabiki wa timu ya Simba, mwekundu tangu kofia hadi soksi, hakuona la kufikiri.

"Shemeji, mnunuzi huingia kwa macho. Piga rangi! Nani atapanda juu kutazama bati?"

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha, si yako tena."

Neno hilo lilimkera. Beseni lile lilikuwa limemnyima usingizi miaka. Amrithishe mtu mwingine kimyakimya? Akaita fundi, bati likabadilishwa.

Wanunuzi wakaja. Mmoja alizitazama kuta akaguna, mwingine hata kiatu hakuvua. Wiki zikapita, na kila Tausi alipopiga simu sauti yake ilikuwa imefifia zaidi. Bi Nyamizi akaingiwa na hofu kwamba ukaidi wake utamponza mwanawe. Kwa hiyo siku Mihayo alipofika na kopo la rangi aliyoinunua mwenyewe, nyekundu ya kuumiza macho, hakuwa na nguvu za kubishana. Shemeji akaanza kwenye ukuta wa mlangoni, kwa mbwembwe zote. Hajafika mbali, mvua ikashuka, wakakimbilia ndani.

Mvua haijakata, hodi ikapigwa. Alikuwa Lusinde, mfanyakazi wa reli aliyehamishwa kutoka Dodoma, koti lake la mvua likichuruzika maji.

"Uniwie radhi, mama," alisema. "Mimi nyumba huitazama siku ya mvua."

Akapita chumba kwa chumba, shingo juu. Chumbani kwa Bi Nyamizi alisimama kitambo. Bati lilipiga kelele, lakini sakafu ilikuwa kavu, na beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani, tupu. Bi Nyamizi alingoja kusikia atasema nini juu ya kuta.

"Nyumba nimeipenda," Lusinde akasema. "Kuta zisikusumbue, mke wangu ana rangi zake. Ila huyu aliyeanza pale mlangoni..." Akavua koti. Chini yake alivaa fulana ya Yanga, mahasimu wa Simba, kijani na njano. "Huyu angemaliza, ningepita moja kwa moja."

Mihayo akaficha brashi mgongoni. Bi Nyamizi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alihisi ametuliwa mzigo wa kuni kichwani.

"Umesikia, shemeji?" akasema. "Ahamaye huziba paa, ahamiaye huchagua rangi."

Nyumba ikauzwa, Tausi akajifungua salama huko Urambo, na kilio cha kwanza cha mtoto bibi alikisikia akiwa kwenye chumba chake mwenyewe, ng'ambo ya ua. Ile rangi iliyobaki Mihayo aliipaka choo chake, na mtaa mzima ulimcheka.

Basi mkipita tena pale kona, msimcheke yule mama. Mvua ikinyesha, atakayelala pale atamwombea dua. Ahamaye huziba paa, ahamiaye huchagua rangi.