Fisi Aliyemaliza Vitabu Arobaini

Ngano, ngano!

*Ngano njoo!*

Ije na nini?

*Na uongo wake mtamu!*

Na anayesinzia?

*Mfinyeni!*

Haya, mfinyeni polepole, asije akalia akatuharibia ngano.

Hapo kale, na si kale sana maana vitabu vilikuwapo, wanyama wa Bonde la Mihogo waliokota sanduku. Mwalimu mmoja alihama na mizigo mingi, sanduku likadondoka njiani, pu! Wanyama wakalifungua. Ndani, vitabu hamsini! Vyembamba, vinene, vya picha, vya ngozi. Siku hiyo furaha haikuwa na mfano. Swala aliruka, Nyani alipiga makofi, na Kobe, nawaambia, Kobe alikimbia.

Basi wakaweka sheria tatu. Ya kwanza: kila mmoja achukue akasome. Ya pili: anayesema "bado nasoma" asinyang'anywe. Ya tatu: mwaka ukiisha tukutane jabalini, kila mmoja aseme amemaliza vingapi, na aweke lengo la mwaka mpya. Aliyemaliza vingi atavishwa taji na kupewa sinia la kwanza la karamu. Mhesabuji awe Mama Mbuni, kwa kuwa amezoea kuhesabu mayai.

Sheria nzuri, sivyo? Sasa ngojeni Fisi.

Fisi alikuja gwa, gwa, gwa. Akabeba kitabu, akabeba kitabu, akabeba kitabu, mpaka vikafika thelathini na tisa. Wenzake wakagombania vilivyobaki. Pimbi, yule kinyama mdogo wa mawe asiye hata na mkia, alibahatika kupata kimoja: safari ya Konokono kwenda kumposa binti wa Mvua. Akakifungua papo hapo, akaanza kusoma amesimama. Konokono akapanda mlima. Konokono akavuka mto juu ya jani. Pimbi akasahau njaa, akasahau jua. Konokono akafika kwa Mvua, akabisha hodi, na mlango uka...

Chwaaa!

Fisi amekikamata kile kitabu kabla Pimbi hajasema "bado nasoma," amekivuta, kimechanika katikati! Nusu ya mwanzo imebaki kwa Pimbi, nusu ya mwisho imekwenda pangoni.

"Arobaini!" akasema Fisi. "Mimi napenda hesabu kamili."

Maskini Pimbi! Alibaki na mlango wake mkononi. Mlango uka nini? Ukafunguka? Ukavunjika? Uka nini? Akila majani, uka nini? Akiota jua, uka nini? Akisoma ile nusu yake tena na tena, mara kumi, mara ishirini, kila akifika pale anakuta pengo, na moyo unamruka.

Mvua za vuli zilipoanza, akaenda pangoni, chwi, chwi, chwi.

"Hodi, mjomba!"

"Nani?"

"Mimi Pimbi. Umemaliza?"

"Bado nasoma!"

Na anayesema bado nasoma hanyang'anywi. Pimbi akarudi, chwi, chwi, chwi.

Kiangazi kikaingia. Akaenda tena, chwi, chwi, chwi.

"Hodi, mjomba!"

"Nani?"

"Mimi yule yule. Umemaliza?"

"Bado nasoma, mpwa wangu! Kusoma si kupiga chafya!"

Akarudi, chwi, chwi, chwi.

Masika yakapiga. Akaenda mara ya tatu, akabisha hodi, kimya. Akachungulia. Ah! Fisi amevitandika vitabu arobaini kama godoro, amelala juu yake, anakoroma khrrr, khrrr. Kimoja amejifunika usoni, maandishi miguu juu. Vya ngozi vyote amevilambalamba majalada. Na ile nusu ya Konokono iko chini ya kidevu chake, imelowa mate, pembe moja imetafunwa.

Pimbi alishikwa na hasira mpaka masharubu yakamtetemeka. Hasomi! Hajui hata kitabu kinashikwaje! Na akiachiwa mwaka mwingine, mlango utaliwa, nyumba ya Mvua italiwa, na Konokono mwenyewe ataliwa.

Ningekuwa mimi, ningepiga kelele. Pimbi hakupiga. Alirudi kwake, akakaa juu ya jiwe, akafikiri. Akafikiri mwezi mzima.

Siku moja kabla ya mkutano, akaenda tena, chwi, chwi, chwi.

"Hodi, mjomba! Shikamoo."

"Marahaba. Bado nasoma!"

"Soma tu, mjomba, soma. Nimekuja kukupa pole."

Fisi akainua sikio moja. "Pole ya nini?"

"Ya sinia. Kesho Mama Mbuni anahesabu vilivyokwisha tu. 'Bado nasoma' haina namba. Swala anavyo viwili, Nyani anavyo vitatu. Basi sinia ni la Nyani. Na nasikia ni pilau la mifupa."

"Mifupa?"

"Mikubwa. Ya supu."

Fisi akameza mate, gluk. Pimbi akaondoka zake bila kugeuka nyuma.

Kesho yake jabali likafurika. Vumbi, vigelegele, watoto wa nyani wananing'inia kwenye matawi! Mama Mbuni akanyoosha shingo.

"Haya, mwaka umekwisha! Swala, umemaliza vingapi?"

"Viwili, Mama. Mwakani vitatu, na kimoja nitamsomea mama yangu."

Wakampigia vigelegele.

"Nyani?"

"Vitatu! Kimoja kilikuwa cha picha tupu, lakini nilizitazama vizuri."

"Kobe?"

"Kimoja. Kilikuwa kitamu, nikakirudia. Mwakani nitakirudia tena."

"Pimbi?"

Pimbi akasimama juu ya jiwe ili aonekane. "Nusu, Mama."

"Nusu?"

"Nusu. Na lengo langu la mwakani ni nusu ya pili."

Kwa kwa kwa kwa! Bonde zima likacheka. Pimbi akaona aibu, masikio yakamchoma, lakini akakaza macho njiani. Anangoja.

Gwa, gwa, gwa! Fisi huyo, mzigo umemlemea. Akavitua vitabu mbele ya Mama Mbuni: bwata! Bwata! Bwata! Mnara mrefu kuliko shingo ya Mama Mbuni mwenyewe.

"Arobaini!" akanguruma. "Vyote nimemaliza! Neno kwa neno!"

"Vyote?" akauliza Nyani. "Hebu tusimulie kimoja tu, hata kifupi."

Fisi akatumbua macho. Akafungua mdomo, akaufunga. Hapo ndipo kila mtu angeshangilia, mwongo kaumbuka! Lakini Pimbi aliona mbali. Fisi akiumbuka hapa, atasema "bado nasoma," atajitwisha vitabu vyake, na mlango utarudi pangoni. Akaruka katikati.

"Jamani, adabu! Aliyeshiba ugali haombwi autapike ili tuuone. Mjomba amesema amemaliza, amemaliza. Andika arobaini, Mama!"

"Huyo ndiye mpwa wangu!" akasema Fisi, jasho likimtoka.

"Arobaini," akasema Mama Mbuni. Sinia likaletwa, linafuka moshi, harufu imetambaa mpaka ng'ambo ya bonde. Mate ya Fisi, tto, tto, tto.

"Mjomba," akasema Pimbi kwa unyenyekevu, "sisi wadogo tungependa kujifunza kwako. Lengo lako la mwakani ni vingapi?"

"Mia!"

"Mia! Mmesikia? Na ni hivi hivi ukivirudia kama Kobe, au vipya?"

Fisi akamtazama Kobe kwa dharau. "Virudiwe na nani? Mimi sili kiporo! Vipya!"

"Hali kiporo!" akapiga kelele Pimbi. "Mmesikia? Bingwa hali kiporo!"

"Hali kiporo!" wakaitikia wote.

"Basi vizuri," akasema Mama Mbuni. "Hivi arobaini havina kazi kwake tena. Virudi sandukuni wengine wasome."

Fisi akatupa mkono juu ya mnara wa vitabu. "Ngoja, ngoja! Hivi bado..."

Hata watoto wa nyani wakatulia. Pimbi akasogea taratibu, akauliza:

"Bado nini, mjomba?"

Fisi akatazama vitabu. Akatazama sinia. Akatazama vitabu. Mfupa mmoja ulikuwa umechomoza juu ya pilau, mnene, uboho unang'aa.

"Bado... bado sijaviaga."

Akaviaga. Kimoja kimoja, jamani! "Kwaheri, wewe. Kwaheri, na wewe." Akivilamba kidogo vile vya ngozi. Kisha akavishwa taji la majani, akalivamia sinia, na kabla hujahesabu tano lilikuwa linang'aa kama limeoshwa.

Akajifuta mdomo. "Sasa nipeni vipya vyangu mia."

Mama Mbuni akatazama kulia, akatazama kushoto. "Bondeni humu hakuna kitabu kipya hata kimoja."

"Viko kwa watu, mjomba," akasema Pimbi. "Huko vijijini, nyuma ya nyumba zao. Wahi, wewe ni bingwa, usije ukatuangusha."

Gwa, gwa, gwa, Fisi huyoo! Na mpaka leo, mkimwona anazungukazunguka karibu na mabanda ya watu, msidhani anatafuta mbuzi. Anatafuta vitabu. Mbuzi huwa anamkuta tu njiani.

Na Pimbi? Pimbi hakungoja karamu. Alichimba kwenye mnara, akaichomoa ile nusu, akapanda mbio hadi kilele cha jabali, alikoweka nusu yake, chwi-chwi-chwi-chwi! Akaziunga zile nusu mbili, akaweka kidole pale pale. Konokono akabisha hodi, na mlango uka...

...cheka!

Mlango ukacheka! Katika mwaka mzima wa kuwaza hakuwahi kuwaza hilo. Pimbi alipiga ukelele ambao bonde zima liliusikia. "Ukacheka! Jamani, mlango ukacheka!" Wakaja mbio Swala na Nyani, akaja Kobe kwa wakati wake, na Mama Mbuni akaleta shingo. "Kwa nini umecheka? Soma! Soma!" Na Pimbi akafunua ukurasa.

Ngano imefika nyumbani, miguu imeichoka. Iliyemchekesha amlipe msimulizi kwa kumsogezea kashata. Iliyemchosha alale bila kukoroma.

Ila ngano haiendi bila funzo, basi shikeni hili. Mwaka mpya ukiingia, watoto wangu, wekeni lengo kubwa kama la Fisi, na msipoteze muda kusoma. Mtazameni Pimbi: alisoma mwaka mzima na hakupata hata punje ya pilau. Fisi hakusoma hata herufi, akala sinia zima na akavikwa taji. Tena ninyi mnaocheka huko nyuma, zimeni hiyo tochi chini ya blanketi na mfiche hivyo vitabu. Mimi nimemaliza, na sijaona kitu.