Moto wa Mwaka wa Nzige

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmefunga siku tatu? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Mwanakheri mkwe wangu, maharage yako jikoni, uyaangalie wewe. Wengine tegeni masikio.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mabaraza yao, Kanga alihamia bonde la Kichuguuni. Akajenga kiota kwenye nyasi ndefu, akataga mayai kumi. Hakuwa na mali nyingine duniani ila mayai hayo kumi.

Bonde lile lilikuwa la wazee watatu: Mzee Kongoni, Mzee Ngiri na Mzee Nungunungu. Kutwa walikaa juu ya kichuguu wakisimuliana ya kale. Na sheria yao ilikuwa moja: hakuna jambo la leo litakalosikilizwa mpaka lipimwe na jambo la zamani. Na hakuna jambo la leo lililowahi kushinda. Mtoto akizaliwa, wa zamani alizaliwa mkubwa zaidi. Mvua ikinyesha, ya zamani ililowesha zaidi.

Asubuhi moja ya kiangazi, Kanga akaona moshi. Akakimbia, kwata kwata kwata, mpaka kichuguuni.

"Shikamooni, wazee wangu!"

"Marahaba, mwanetu."

"Moto! Unawaka nyuma ya kilima, na mimi nina mayai! Njooni mnisaidie!"

Mzee Kongoni akafumba macho. "Na huo nao ni moto? Moto ulikuwa ule wa mwaka wa nzige. Moto wenye adabu zake, hauingii kwa mtu bila kupiga hodi."

"Enzi zile!" wakaitika wenzake. "Ee, enzi zile!"

Kanga akarudi mbio. Moto umeshuka kilima. Akakimbia tena, kwata kwata kwata.

"Wazee wangu, umevuka kijito!"

"Kijito hiki cha siku hizi?" Mzee Ngiri akacheka mpaka akakohoa. "Sisimizi anakivuka miguu mikavu. Zama zetu kijito kilikuwa kijito, ukitaka kukivuka unaaga nyumbani."

"Enzi zile! Ee, enzi zile!"

Unasemaje, Mwanakheri? Subiri kwanza, usinikatize.

Kanga akaenda mara ya tatu, kwata kwata kwata, sauti imemkauka. "Wazee wangu, nawaomba! Umeingia kwenye nyasi! Mimi nina miguu hii miwili tu, siwezi kuchimba mtaro wa kuuzuia peke yangu. Mayai yangu yataiva!"

Mzee Nungunungu akanusa hewani, akasikitika. "Huu moshi gani, mwanangu? Hauna hata harufu. Wa zamani ulikuwa ukiuvuta, unashiba mpaka kesho."

"Enzi zile! Ee, enzi zile!"

Kanga alitamani kuwadonoa macho, mmoja mmoja. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu. Akawatazama vizuri. Akajiambia, "Hawa hawapo hapa. Hawa wapo mwaka wa nzige. Basi nitawafuata hukohuko."

Akakaa chini, akakunja mbawa taratibu.

"Wazee wangu, ya leo nimeyaacha. Naomba kuuliza ya mwaka wa nzige. Kule nilikotoka wanasimulia kwamba moto ule ulizimwa na mvua, na wazee wa bonde hili mlikimbia."

Miiba ya Nungunungu ikasimama wima.

"Nani kasema?"

"Nasikia tu, baba."

"Mimi nilichimba mtaro kwa meno haya haya!" Ngiri akanguruma. "Kuanzia jiwe lile mpaka kijitoni!"

"Sijui, baba. Mimi sikuwepo."

"Hukuwepo! Basi inuka, twende tukakuonyeshe!"

Wakateremka mbio, wazee ambao hawakuwa wamekimbia tangu enzi zile zenyewe. Ngiri akachimba. Nungunungu akafagia majani makavu kwa miiba yake. Kongoni akatimua udongo kwa kwato. Na muda wote walikuwa wakigombana.

"Wewe ulisimama kushoto!"

"Nilisimama kulia! Kushoto alikuwa marehemu shemeji!"

"Jamani, hata joto hili," Kongoni akasema huku akikohoa, masharubu yakiungua, "ni lile lile la siku ile. Akili yangu bado haijasahau kitu."

Moto ukafika mtaroni, ukatafuta nyasi, ukakosa, ukafa.

Kanga akakimbilia kiotani. Manane yalikuwa mazima. Mawili yalikuwa yamepasuka kwa joto. Akainama juu yake akalia, na majivu yakamdondokea mgongoni chembe kwa chembe. Madoa hayo anayo hadi leo.

Mzee Nungunungu akachungulia. "Mawili tu? Mwaka wa nzige..."

Vifaranga wanane walipoanguliwa, Kanga akawapanga mstari, akahama nao bila kugeuka nyuma. Walipopita chini ya kichuguu, Pimbi naye alikuwa akipiga kelele kwamba kuna moshi upande wa pili, na Mzee Kongoni amefumba macho.

"Huo nao ni moto? Moto ulikuwa wa mwezi uliopita!"

"Enzi zile! Ee, enzi zile!"

Hadithi yangu imeishia hapo, aliyeipenda aichukue, aliyeichukia aniachie mwenyewe. Haya, Mwanakheri, ulikuwa unasemaje?

"Maharage yanaungua, mama."

Huko nako ni kuungua? Kuungua kulikuwa kwa chungu cha bibi yangu, mwaka ule wa njaa. Harufu yake ilivuka vijiji viwili. Nyinyi wa siku hizi hata kuunguza hamjui.

"Ndiyo, mama. Ila nimesikia chungu kile ulishindwa kukiipua wewe, ukamwita jirani."

Nani kasema? Nani kasema? Nilikiipua kwa mikono hii! Pisheni njia, nipeni kitambaa, nikamwonyeshe!