Kidole cha Tusekile

"Kidole kikilala, wimbo hutembea." Mmeisikia leo kwa wapiga gitaa, mkacheka, mkauliza kidole hulalaje. Basi tulieni, methali hii ilianza hivi.

Huko Tukuyu, ambako ukungu huingia hadi jikoni bila kupiga hodi, Tusekile alikuwa akipiga gitaa la marehemu baba yake. Mdogo wake alikuwa anaolewa mbali, na mama yao alikuwa ameahidi kumwimbia wimbo wa kumuaga. Lakini mama alikuwa ametoka kuugua kifua. Siku moja sauti yake ilipanda, siku ya pili ikashuka, na gitaa la Tusekile lilipaswa kuifuata.

Jirani yao Asajile, mpigaji wa bendi, alimwelekeza Tusekile. "Laza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, dada. Vingine vitatu vishike hivi. Ukisogeza mkono, umbo ni lilelile, sauti ndiyo inahama. Hapa ni nyumbani, pale kwa jirani, kule sokoni, kisha unarudi nyumbani. Wimbo mzima ni safari hiyo."

Tusekile alijaribu wiki nzima. Kidole kiliuma, nyuzi zikakoroma. Akachoka, akaifunga penseli kwa mpira juu ya nyuzi, mahali pa kidole. Gitaa likalia vizuri ajabu, naye akajiona mjanja kuliko mwalimu.

Siku ya kuaga, mvua ilinyesha taratibu. Mama alianza kuimba, lakini sauti ilitoka chini mno, gitaa likabaki juu peke yake, maana penseli haikusogea. Mama akanyamaza.

"Niache tu, mwanangu. Leo sauti haipandi."

Tusekile alimwona mdogo wake akiinamisha uso. Aibu ikamchoma. Akaing'oa penseli.

"Imba Mama, hapohapo ulipo. Nitakufuata."

Akalaza kidole, akakiteremsha hatua moja, na nyingine, mpaka gitaa likamkuta mama. Wimbo ukaondoka nyumbani, ukapita kwa jirani, ukafika sokoni, ukarudi. Mama aliposhuka zaidi, kidole kilishuka naye. Nyuzi mbili zilikoroma, wala hakuna aliyejali. Watu walifumba macho, wakahisi nyumba nzima inaelea ukunguni. Bibi harusi alilia, akaridhika.

Wimbo ulipokwisha, mama alikishika kidole kile kilichochorwa mistari sita myekundu, akakipuliza polepole.

"Nilidhani wimbo wangu umekwama," alisema. "Kumbe kidole kikilala, wimbo hutembea."