Kachumbari ya Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao kama sisi, kiliingia kiangazi kikali. Bwawa la kijiji likakauka, likabaki tope tupu. Ndani ya tope hilo alijificha kambare mmoja, mnene kama gogo.

Fisi na Nyegere wakamchimba. Chubwi! Chubwi! Wakamtoa, wakampeleka uani kwa Fisi, wakawasha mkaa.

Jirani yao Nguchiro, mdogo wa mwili lakini mwepesi wa akili, akaifuata harufu.

"Hodi, wenye nyumba!"

"Karibu, bwana mdogo," akasema Fisi. "Shika kisu utukatie kachumbari. Joto hili, samaki wa kuchoma bila kachumbari hanogi."

Nguchiro akakata nyanya, kitunguu na embe bichi, ka-ka-ka-ka! Akakamulia ndimu.

"Na fungu langu mimi ni lipi?" akauliza.

Nyegere akacheka hadi akakohoa. "Wewe? Na tumbo hilo kama kijiko? Utalamba mkia!"

Fisi naye akacheka. Nguchiro hakucheka. Tangu juzi hakuwa ametia kitu kinywani ila panzi.

"Mkia, siyo?" akajisemea moyoni. Akazunguka nyuma ya nyumba, akachuma pilipili kichaa, akazitwanga, akazichanganya na kachumbari mpaka zisionekane.

Kambare akaiva. Mafuta yakadondokea makaa, chwaaa!

"Kwetu sisi," akasema Nguchiro kwa adabu, "wakubwa huanza na kachumbari. Tena kwa upawa, si kwa kijiko. Au mnaogopa?"

"Nani aogope nyanya?" Nyegere akabugia upawa mzima. Fisi hakukubali kushindwa, naye akabugia.

Mara macho yakawatoka pima.

"Uwiii! Ulimi wangu!"

"Maji! Maji jamani!"

Mtungi ulikuwa mkavu. Maji yalikuwa mtoni, ng'ambo ya kilima. Wakatimka mbio, vumbi tifu!

Nguchiro akala. Alikula kichwa, akala tumbo, akala mkia, akabakiza mifupa. Tumbo likawa ndi!

Alikuwa akijifuta mdomo mlango wa nyumba ulipolia, kwiii. Akatoka Bibi Nyamvula, mama yake Fisi, kikongwe asiye na jino hata moja. Alikuwa akipapasa ukuta, na mkononi ameshika sahani ya bati.

"Ni wewe, Nguchiro? Samaki ameiva, mjukuu wangu?"

Nguchiro akainuka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu amenichimbia samaki. Nyama ngumu siziwezi tena, na unga wa uji umekwisha. Nilijua harufu itakuleta, nikawaambia pale tumboni penye mafuta wakukatie wewe. Wamekuambia?"

"Hapana, bibi. Wameniambia mkia."

"Ah! Nyegere huyo na utani wake!" Bibi akacheka, akanyoosha sahani. "Haya, nitilie kidogo tu."

Nguchiro akaitazama mifupa. Akatafuta neno la kudanganyia, asilipate.

"Bibi, samaki hayupo. Nimemla mimi."

"Mzima?"

"Mzima."

Bibi hakupiga kelele. Aliirudisha sahani kifuani.

"Basi. Ulikuwa na njaa," akasema, akageuka, akapapasa ukuta kurudi ndani.

Afadhali angempiga kofi! Nguchiro akabaki amesimama pale pale.

Fisi na Nyegere wakarudi, midomo imevimba. Nguchiro angeweza kukimbia, lakini hakukimbia. Nyegere akainua mkono. Fisi akamzuia. Akaitazama mifupa, kisha akautazama mlango.

"Mama yangu amekula nini?" akauliza taratibu.

Nguchiro akainama.

Fisi akachukua jembe, akarudi bwawani juani. Nguchiro akamfuata kwa mbali, akaingia topeni upande wa pili, akachimba kwa kucha mpaka zikatoka damu. Chubwi! Chubwi! Walichimba mpaka jua likazama. Hawakupata kitu. Kambare alikuwa yule mmoja tu.

Hayo ndiyo yaliyompata Nguchiro, wanangu, na mimi nimeyafikisha kwenu: ukitaka kumkomoa mkubwa, angalia kwanza ni nani aliye nyuma yake anayengoja kula.