Gurudumu Lisilo na Jina

Hapo zamani, wala si zamani sana, milimani Upare aliishi binti wa Kishana aitwaye Naetwe. Washana ni wafua chuma tangu enzi, na huyu alikuwa mdadisi wa kuchosha watu. Kila asubuhi ndiva ilipofunguliwa, lile bwawa lao la kumwagilia mashamba, alisimama kutazama maji yakiporomoka. "Nguvu yote hii inakwenda wapi?"

Akachonga gurudumu la mbao, akalifungia dinamo ya baiskeli. Taa ikawaka! Hajamaliza kushangilia, mbao zikapasuka.

Akaja Anders, mgeni wa ng'ambo, mnunuzi wa tangawizi. Aliomba mkopo atengeneze gurudumu la chuma, mabenki ya kwao yakamcheka. Akaweka rehani nyumba ya baba yake, akaleta gurudumu la chuma, umbo lilelile alilobuni Naetwe.

Sasa nani atatoa zamu yake ya maji wajaribu? Kiangazi kilikuwa kikali, na mfereji wa kuyarudisha maji mashambani ulikuwa haujachimbwa. Watu wakageuka kutazama mashamba yao. Bi Nakijwa, mjane, akasema, "Chukueni yangu." Gurudumu likazunguka vizuri, na maharage yake yakakauka yote.

Mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikalia. Kijiji kizima kikachimba mfereji, kikala makande, kikacheka. Wakasahau jambo moja tu: jina la gurudumu. Kwao ndiva huitwa kwa jina la mwenyewe, na mwenye jina ndiye mpanga zamu. Gurudumu nalo liliweza kupeleka umeme mahali pamoja tu kwa wakati mmoja.

Naetwe akasema, "Akili ni yangu. Zahanati iwake kwanza. Dada yangu alijifungua gizani, hakurudi nyumbani."

Anders akasema, "Pole sana, dada. Lakini la mbao lilipasuka. Kikaushio cha tangawizi kianze. Nisipouza, baba yangu anatolewa nje, na nani tena atathubutu kupeleka gurudumu kijiji kingine?"

Bi Nakijwa akasema, "Wanangu, mali ikipotea hutafutwa nyingine. Mimi nilitoa chakula cha watoto. Nataka mashine ya kusaga, niwasagie watu, watoto wangu wapate kula."

Naetwe aliwasikiliza, akaumia. Alitamani mmoja wao awe mwongo ili uamuzi uwe rahisi, lakini hakumpata.

Wazee wakamwambia, "Mfua chuma ni wewe. Chonga jina."

Mtu nyuma akaguna, "Mwamba ngoma huvutia kwake!" Watu wakacheka. Naetwe hakucheka. Alimkumbuka dada yake, akayatazama maharage makavu ya Bi Nakijwa, akamtazama Anders aliyeinamisha kichwa. Akainua nyundo, akaweka tindo juu ya chuma.

Haya, mliotega masikio, msinitazame mimi. Tindo iko juu ya chuma na maji yanasubiri kufunguliwa. Je, nani alistahili? Naetwe achonge jina la nani?