Sahani ya Senkondo

Mbwa halishwi kwa ulimi wa bwana wake. Mlimsikia shangazi yenu Nambike akiitoa methali hiyo juzi kwenye kikao cha harusi, pale baba yenu mkubwa alipong'ang'ania maharusi wajengewe nyumba kando ya yake, kwa ramani aliyoichora yeye na rangi aipendayo yeye. Watu wakacheka, nanyi mkacheka, maana kucheka hakudai mtu aelewe. Sasa mmekuja kuniuliza ilikotoka. Nitawaambia, ila mwenye kuchezea simu akachezee uani. Chanzo chake ni hiki.

Zamani kidogo, kabla barabara ya magari haijapanda huku milimani, kijiji cha Ndorwe kilikuwa na mtu aitwaye Senkondo na mkewe Namkunda. Binti zao wawili walikuwa wameolewa mbali, wakabaki wao wawili na mbwa. Mbwa huyo aliitwa Tutaonana. Senkondo alimpa jina hilo kwa ajili ya jirani yake, Mzee Kajiru, ambaye waligombania mpaka wa shamba miaka kumi na moja. Kila Senkondo alipomwita mbwa wake kwa sauti, Kajiru alijua salamu zake zimefika.

Senkondo akaugua. Aliugua miezi mitatu, na sitawaficha jinsi alivyoisha, kwa sababu hadithi imelala hapo. Macho yalimgeuka manjano, ufizi ukampauka, mkojo ukawa na rangi ya chai kavu iliyokolea. Nyumba yao ilikuwa na ngazi tatu za kupandia sebuleni, na yeye alipofika ya pili alisimama, akaegemeza bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango, akahema, kisha akamalizia ya tatu. Chakula kilimshinda kabisa isipokuwa kimoja: makande ya Namkunda, yaliyokaangwa kwa mafuta ya ng'ombe na vitunguu vingi mpaka unajiuliza kama ni makande yenye vitunguu au ni vitunguu vyenye makande. Alikula hayo hadi siku ya mwisho. Akafa akiwa ameketi kwenye kigoda chake, sahani mapajani.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Mtu akifa, kwa siku arobaini sahani yake huwekwa kila alasiri mbele ya kiti chake, na ndani yake kile alichokipenda. Sahani hiyo lazima imalizwe na watu wa nyumba ile kabla jua halijazama. Haimwagwi, wala jirani hapewi. Ikibaki hata punje, walisema, marehemu atakuwa na njaa njiani na atarudi kuuliza. Tena mjane mwenyewe haruhusiwi kuigusa, kwa kuwa mjane akila sahani ya mumewe ameitikia wito wa kumfuata. Katika nyumba zenye watoto hilo halikuwa jambo, watoto waliigombania. Namkunda alikuwa na nani? Binti zake walikaa siku saba za matanga, wakala, kwa kuwa hadi matanga yaishe binti huhesabiwa wa nyumba ya baba yake, kisha wakarudi kwa waume zao. Siku ya nane alasiri aliketi akiitazama ile sahani inavyopoa, na ukungu unapanda kutoka bondeni. Jua lilikuwa limebaki kidogo. Ndipo alipofikiri kwamba kuku si watu wa nyumba, na paka ni wa yeyote mwenye samaki, lakini mbwa alindaye lango ni wa nyumba. Akamwita Tutaonana. Mbwa akalamba sahani mpaka ikang'aa, na Namkunda akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Basi ikawa ndiyo kawaida. Kila alasiri makande, vitunguu, chumvi, na sahani mbele ya kigoda. Kwa siku kadhaa hakukuwa na neno.

Siku ya kumi na tatu Namkunda alikuwa anachambua choroko sebuleni alipomsikia mbwa akipanda ngazi. Alisikia kucha kwenye ngazi ya kwanza, kisha ya pili, kisha kimya. Akainua macho. Tutaonana alikuwa amesimama kwenye ngazi ya pili, bega la kushoto limeegemea mwimo wa mlango, anahema. Alihema kwa muda ule ule. Halafu akamalizia ngazi ya tatu, akapita mbele ya Namkunda bila kumtazama, akajilaza chini ya kigoda.

Namkunda alitaka kujiambia kwamba mbwa amechoka tu, lakini mbwa yule alikuwa na miaka minne na juzi tu alikuwa akikimbiza ngedere hadi ng'ambo ya mto.

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Mbwa aliacha kubweka. Akawa anatembea polepole, kichwa chini, kama mtu anayehesabu hatua. Alikaa muda mrefu akitazama koti la Senkondo lililotundikwa ukutani. Siku ya kumi na nane Namkunda alimfuata nyuma ya nyumba akaona alipokojoa: udongo ulikuwa na rangi ya chai kavu. Aliufunika kwa mguu upesi, kana kwamba mtu angemwona.

Mzee Kajiru ndiye aliyelisema lile ambalo Namkunda hakuthubutu kulisema. Alipita njiani alasiri, ukungu umeshika, akaona kitu kimekaa langoni, kimeinama. Akavua kofia, akasema, "Za jioni, Mzee Senkondo." Alishaanza kuuliza hali ya ugonjwa ndipo akakumbuka anaongea na nani, au anaongea na nini. Mbwa alimwinulia macho ya manjano, taratibu, wala hakunguruma. Kajiru, mtu wa ugomvi wa miaka kumi na moja, alirudi kwake kinyumenyume. Kesho yake asubuhi akausogeza ule mpaka yeye mwenyewe, hatua nne ndani ya shamba lake, akimwachia Senkondo. Hakuna aliyemwomba.

Habari zikaenea. Watoto wakawa wanazunguka kwa njia ya juu. Wazee wakija kumjulia hali mjane, walikaa ukingoni mwa benchi, wakaongea kwa heshima isiyo ya kawaida, na macho yao yakawa yanatoroka kuelekea kigodani. Hakuna aliyeuliza kitu.

Sasa mtasema Namkunda aliogopa. Aliogopa, ndiyo, siku mbili tatu. Baadaye alifurahi, na hilo ndilo linalonitisha mimi kuliko mbwa mwenyewe. Alifurahi kwa sababu upweke ulikuwa umemla mifupa, na sasa nyumbani kulikuwa na mtu. Alianza kumsimulia habari za shamba. Alimfunika kwa koti. Aliacha kumwita Tutaonana, akamwita "baba Namkiza" kwa jina la binti yao mkubwa. Na kila mbwa alipozidi kudhoofu, Namkunda alizidisha vitunguu, maana alijua kutokana na miezi mitatu ile kwamba katika udhaifu ule hakuna kinachopita kooni ila hicho. Alijua pia ugonjwa ule unaishia wapi. Usiku alilia akimwomba Mungu asimfishe mume wake mara mbili.

Siku ya ishirini na sita alikuja wifi yake, Nakijwa, dada wa marehemu, kutoka tambarare. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyelelewa na baba mwindaji kati ya mbwa saba. Habari za kaka yake kurudi alishazipata sokoni. Alipanda ngazi, akasalimu, akamtazama mbwa aliyelala chini ya kigoda na koti la kaka yake juu yake. Namkunda alingoja wifi yake apige magoti alie. Nakijwa alipiga magoti, ndiyo, lakini aliufunua mdomo wa mbwa kwa vidole viwili akautazama ufizi. Ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa. Akamgusa ubavu, akahesabu pumzi. Kisha akainusa ile sahani.

"Wifi, unamlisha nini huyu?"

Namkunda akamwambia. Alimwambia kila kitu, na sahani na desturi, na ngazi ya pili.

"Na kaka yangu alipokuwa hai, mbwa huyu alikula nini?"

Namkunda hakujua. Miaka yote Senkondo alimpikia mbwa wake mwenyewe, nje, kwenye mafiga matatu nyuma ya zizi. Namkunda alikuwa akimcheka kwa hilo, akidhani ni ubahili.

"Mimi najua, maana ni baba aliyetufundisha," akasema Nakijwa. "Ugali wa dona. Utumbo au mapafu, yamechemshwa bila chumvi. Boga. Dagaa waliooshwa mpaka chumvi ikatoka. Maji safi kila asubuhi. Mfupa uliopikwa hapewi, unapasuka vipande ukamkata matumbo. Na kitunguu hakigusi kabisa, hata mchuzi wake. Kitunguu kwa mbwa ni sumu, wifi. Kinamla damu kidogo kidogo. Ndiyo hayo macho, ndiyo huo mkojo."

"Kaka yako alivipenda vitunguu."

"Kaka yangu amekufa. Huyu ni mbwa, na yuko hai bado. Mbwa halishwi kwa ulimi wa bwana wake."

Namkunda aliliweka sawa lile koti juu ya mbwa. "Nikiacha kumpikia, ataondoka."

"Nani ataondoka?"

Wote wawili walimjua.

Nakijwa hakubishana tena. Alituma mtu machinjioni, akawasha moto kwenye mafiga yaliyoota nyasi, akachemsha mapafu na boga na kusonga ugali mlaini. Alasiri ikafika, ukungu ukapanda, na Namkunda alikuwa amekwisha kuweka sahani mbele ya kigoda kwa mazoea ya mikono. Harufu ya vitunguu ilijaa nyumba nzima. Mbwa aliamka. Alijikokota mpaka kwenye sahani, akasimama, akamtazama Namkunda usoni, akatoa mlio mdogo wa kooni. Senkondo siku zake za mwisho aliomba chakula kwa mlio huo huo, alipokuwa hana nguvu ya kusema. Namkunda aliusikia, akajua kwamba hata akiishi miaka mia hatausahau.

Akaiondoa sahani. Aliishika juu, mbali na mdomo ule, na mbwa akamfuata kwa macho ya manjano. Jua lilikuwa linazama. Sahani lazima imalizwe, na ndani ya nyumba ile hakuna mwingine wa kuimaliza: Nakijwa alikuwa wa nyumba ya mumewe.

Basi akaketi sakafuni akaanza kuila yeye. Mjane, siku ya ishirini na sita. Nakijwa alishtuka akamshika mkono, akamkumbusha kile kinachosemwa kuhusu mjane anayekula sahani hiyo. Namkunda akauondoa mkono wake kwa upole, akaendelea. Alikula tonge baada ya tonge, machozi yakiingia ndani ya sahani, huku anatazamwa. Alisema baadaye kwamba wakati wote ule alimwona mumewe ndani ya macho yale, ana njaa, haelewi kwa nini ananyimwa. Alimaliza punje ya mwisho giza likiingia. Ndipo Nakijwa akamwekea mbwa bakuli lake. Mbwa alilinusa, akageuka. Akalala. Asubuhi bakuli lilikuwa tupu.

Hivyo ndivyo walivyokwenda siku kumi na tano. Bwana mifugo alipanda kutoka makao ya kata, akasema yaleyale ya Nakijwa, akaongeza kwamba hata kitunguu saumu kina madhara, kiwe kibichi, kikavu au kimekaangwa. Kila alasiri Namkunda alikula sahani ya mumewe akingoja kuitwa. Hakuitwa. Ila kila siku mbwa alipopata nafuu, nyumba ilipungua kitu. Macho yakaanza kuwa meupe. Ufizi ukarudisha wekundu. Siku moja akapanda ngazi tatu kwa mruko mmoja, bila kuegemea popote, na Namkunda akalazimika kwenda jikoni asionekane.

Siku ya arobaini watu walijaa uani. Alasiri, ukungu ulipofunga, Mzee Kajiru alikuja amevaa kanzu safi, akavua kofia langoni, akasalimu kwa jina la marehemu kama alivyozoea sasa. Tutaonana akamrukia kwa kubweka hata kofia ikamtoka mkononi. Alibweka kibwa, kwa kifua kizima, na hakunyamaza mpaka mzee alipokuwa mbali.

Namkunda alisikia. Alijua kwamba ndani ya sauti ile hakuna mtu. Hapo ndipo alipolia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, akalia mpaka wanawake wakamshika pande zote mbili. Walidhani ni kwa ajili ya arobaini.

Alipotulia, akawaona wageni wakimtupia mbwa minofu ya karamu, yenye mchuzi na vitunguu, na mifupa ya kuku, kila mmoja kwa upendo, kila mmoja akisema marehemu angependa hivyo. Namkunda akasimama. Akapita kwa kila mgeni, akaichukua ile minofu mikononi mwao, mmoja mmoja, bila hasira, na walipomuuliza sababu akawajibu neno moja tu, lile la wifi yake. Wengi walichukia. Waliondoka nalo hata hivyo, na limefika mpaka kwenye vikao vya harusi, kwa watu wasiowahi kufuga hata paka.

Baba yenu mkubwa ana moyo mzuri, sikatai. Namkunda naye alikuwa nao, na nusura aue kwa moyo huo huo. Mbwa halishwi kwa ulimi wa bwana wake.